Kufuta Faili kwa Programu: Historia ya Amri ya unlink kwenye Seva

Faili linapofutwa na programu kwenye seva, hakuna kapu la taka linalolipokea wala swali linaloulizwa kabla halijaondoka. Skripti hutaja jina la faili, mfumo endeshi huliondoa jina hilo kwenye saraka, na kazi huendelea. Utaratibu huo una zaidi ya miaka 50. Ulibuniwa kwa ajili ya watafiti wachache waliotumia kompyuta moja na kuaminiana, kisha ukarithiwa na lugha za skripti zinazoendesha tovuti, ambako jina la faili la kufutwa linaweza kuletwa na mtu asiyejulikana kutoka popote duniani. Amri yenyewe haijabadilika sana. Kilichobadilika ni jibu la swali la nani ana haki ya kuchagua jina linalokabidhiwa amri hiyo, na karibu kila hatua ya historia hii imetokana na swali hilo.

Jina na inodi

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, Ken Thompson, Dennis Ritchie na Rudd Canaday walibuni mpangilio wa mafaili ambao Thompson aliutekeleza kwenye kompyuta ya PDP-7. Mpangilio huo ulikuwa chimbuko la Unix, na uamuzi wake mkuu ulikuwa kulitenga faili na jina lake. Habari za faili, yaani ukubwa, mmiliki, ruhusa na mahali data ilipo kwenye diski, ziliwekwa kwenye rekodi ndogo iitwayo inodi, isiyo na jina bali namba tu. Saraka nayo ilikuwa orodha ya majina, kila jina likiandamana na namba ya inodi yake. Katika Toleo la 7 la Unix, la mwaka 1979, kila mstari wa saraka ulichukua baiti 16: 2 za namba na 14 za jina.

Kwa mpangilio huo, faili moja laweza kuwa na majina kadhaa katika saraka mbalimbali. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wenye tarehe 3 Novemba 1971, unaeleza amri mbili za ndani ya mfumo zinazohusu jambo hilo: link, inayoongeza jina, na unlink, inayoliondoa. Amri ya kufuta faili lenyewe haikuwapo, wala haikuhitajika. Kila inodi hubeba hesabu ya majina yanayoielekea, na unlink hufuta mstari mmoja kwenye saraka na kuipunguza hesabu hiyo kwa moja. Hesabu ikifika sifuri, na ikiwa hakuna programu iliyolifungua faili, ndipo sehemu za diski hurudishwa kwenye akiba. Programu ya rm, ambayo nayo imo katika mwongozo wa 1971, hufanya kazi yake kwa kuiita unlink. Jina hukatwa kama linavyokatwa jina la mtu kwenye daftari la mahudhurio huku mwenyewe bado yumo darasani.

Uamuzi huo ulizaa tabia tatu ambazo wasimamizi wa seva wanaishi nazo hadi leo. Ya kwanza ni faida: programu inaweza kufungua faili la muda, kuliondoa jina papo hapo, kisha kuendelea kuliandika na kulisoma. Programu ikiisha, hata ikianguka ghafla, faili hutoweka bila kuacha takataka. Tabia ya pili huwashangaza wanaoanza kazi. Msimamizi hufuta faili kubwa la kumbukumbu za seva ili kupata nafasi, lakini diski hubaki imejaa vilevile, kwa sababu programu ya seva bado imelishika faili lile. Nafasi hurudi pale programu hiyo inapolifunga au kuwashwa upya.

Tabia ya tatu inahusu ruhusa. Kwa kuwa kufuta ni kubadilisha saraka, ruhusa inayoangaliwa ni ile ya saraka, si ya faili. Mtu asiyeruhusiwa kulisoma faili anaweza kulifuta, mradi ana haki ya kuandika kwenye saraka lilimo. Katika saraka ya /tmp, inayotumiwa na wote, hali hiyo ilimaanisha kwamba mtumiaji yeyote angeweza kufuta mafaili ya mwenzake. Toleo la 4.3BSD la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lililotoka 1986, liliziba mwanya huo kwa alama maalumu ya ruhusa inayowekwa juu ya saraka. Saraka yenye alama hiyo huruhusu faili kufutwa na mwenye faili, mwenye saraka au msimamizi mkuu tu. Alama hiyo bado iko kwenye /tmp ya kila seva ya Linux.

Saraka zenyewe zilichukua njia tofauti. Mwaka 1983 toleo la 4.2BSD lilileta amri za ndani za mkdir, rmdir na rename. Amri ya rmdir hukataa kuondoa saraka yenye kitu ndani, na kwa sababu hiyo lugha nyingi za skripti hadi leo zina amri moja ya faili na nyingine ya saraka. Anayetaka kufuta saraka pamoja na vilivyomo hulazimika kwenda hadi matawi ya mwisho, kufuta mafaili yake, kisha kurudi juu akiondoa saraka moja baada ya nyingine. Unlink iliingia katika POSIX, viwango vya mifumo ya aina ya Unix, mwaka 1988. Kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989 kilichukua jina remove, kwa kuwa C ilikusudiwa kufanya kazi hata kwenye mifumo isiyo na inodi.

Skripti zafika kwenye wavuti

Larry Wall alitoa lugha ya Perl Desemba 1987 kwa ajili ya kazi za wasimamizi wa mifumo. Katika Perl, unlink hupokea orodha nzima ya mafaili na kurudisha idadi ya yaliyofutwa. Mwandishi wa skripti aliweza kusafisha saraka nzima kwa mstari mmoja, na pia kugundua kwamba kati ya mafaili 10 yaliyotajwa, 9 tu ndiyo yaliyoondoka.

Mwaka 1993 kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois kiliweka utaratibu wa CGI, unaoiwezesha seva ya wavuti kuendesha programu kila ombi linapofika na kumrudishia msomaji matokeo yake. Perl ikawa lugha kuu ya kazi hiyo. Hapo ndipo mazingira ya unlink yalipogeuka. Skripti iliyokuwa ikiendeshwa na msimamizi aliyeketi mbele ya mashine yake sasa iliendeshwa kwa niaba ya mgeni, lakini kwa mamlaka ya seva. Jina la faili lililotoka kwenye fomu lingeweza kufika moja kwa moja kwenye amri ya kufuta.

Perl ilikuwa na jibu la mapema. Perl 5, iliyotoka Oktoba 1994, ilikuja na hali maalumu inayowashwa kwa alama ya -T. Katika hali hiyo, kila kitu kinachotoka nje ya programu huhesabiwa kuwa kichafu: fomu, mazingira ya mfumo na hata yaliyosomwa kwenye faili. Perl hukataa kutumia kitu kichafu katika kazi inayogusa mfumo, ikiwemo unlink, mpaka mwandishi akichuje kwa kanuni aliyoiandika mwenyewe. Kinga hiyo haikumzuia mtu kuandika kanuni legevu, lakini ilimlazimisha asimame na kufikiri kabla ya kukabidhi jina la mgeni kwa amri ya kufuta.

PHP na mafaili ya muda

Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliandika mwaka 1994 programu ndogo za CGI kwa lugha ya C kwa ajili ya ukurasa wake, akazitoa kwa umma tarehe 8 Juni 1995, nazo zikawa chimbuko la lugha ya PHP. Kwa kuwa PHP ilijengwa juu ya C, amri zake nyingi zilichukua majina ya C bila kubadilishwa, na unlink ikiwa miongoni mwake. Andi Gutmans na Zeev Suraski waliiandika upya lugha hiyo huko Israeli na kutoa PHP 3 Juni 1998. Ilipofika mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kutumia Unix, wengi walitafuta amri iitwayo delete na hawakuiona. Waandishi wa mwongozo rasmi wa PHP waliweka ukurasa wa jina hilo wenye kazi moja tu: kumwelekeza msomaji kwenye unlink kwa mafaili, au unset kwa vigeu.

Mchango mkubwa wa PHP ulikuwa kufuta bila kuamriwa. Novemba 1995 waraka wa RFC 1867 ulieleza jinsi kivinjari kinavyoweza kutuma faili kupitia fomu. PHP hupokea faili hilo katika saraka ya muda, na ombi linapokwisha hulifuta yenyewe ikiwa skripti haikulihamisha. Seva inayopokea maelfu ya picha kwa siku haijai mabaki ya fomu zilizoachwa njiani. Hata hivyo skripti ilihitaji kujua ni faili lipi kweli limetumwa na mtumiaji. Mgeni mwerevu angeweza kuidanganya skripti ya zamani kwamba faili lake ni /etc/passwd, na skripti ikalisoma au kulihamisha faili la mfumo. Toleo la 4.0.3, la Oktoba 2000, lilileta move_uploaded_file, ambayo kabla ya kuhamisha chochote huhakikisha kwamba faili lilifika kupitia fomu ya ombi hilohilo.

Mafaili ya vikao vya watumiaji yalileta tatizo la namna nyingine. PHP 4, ya Mei 2000, iliweka habari za kila mtu aliyeingia kwenye tovuti katika faili lenye jina linaloanza na sess_. Watu wengi hufunga kivinjari bila kuaga, hivyo mafaili hayo hayana mwenyewe wa kuyafuta. PHP haina programu inayokesha ikisafisha, kwa hiyo kazi hiyo iligawanywa kwa bahati. Kila ombi linaloanzisha kikao lilipewa, kwa mpango wa kawaida, nafasi 1 kati ya 100 ya kuwa mfagizi, na mfagizi hufuta mafaili ambayo hayakuguswa kwa zaidi ya sekunde 1,440, yaani dakika 24. Kwenye tovuti yenye wageni wengi mpango huo hufanya kazi vizuri. Kwenye tovuti yenye wageni wachache, mafaili yaliyokwisha muda hulala siku nyingi. Watunzaji wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, waliamua kuzima bahati nasibu hiyo na kuikabidhi kazi kwa cron, programu inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa.

Lugha nyingine za enzi hiyo zilipitia njia zao. ColdFusion ya mwaka 1995 ilikuja kuwa na lebo ya cffile yenye kitendo cha kufuta, na ASP ya Microsoft, iliyotoka 1996, ilitumia DeleteFile. Kwenye Windows, faili lililofunguliwa na programu nyingine kwa kawaida hukataa kufutwa, kwa hiyo skripti iliyofanya kazi vizuri kwenye Unix ingeweza kushindwa ikihamishiwa huko. Java ilianza na amri iliyorudisha ndiyo au hapana bila kutoa sababu. Toleo la 7, la Julai 2011, lilileta njia mpya inayoeleza kwa nini faili halikufutika, iwe halipo, limekatazwa au ni saraka yenye vitu.

Kiungo kinachofuta

Itifaki ya HTTP yenyewe iliutambua ufutaji mapema. Waraka wa RFC 1945 wa Mei 1996 ulitaja ombi la DELETE, na RFC 2068 wa Januari 1997 ukalifanya sehemu rasmi ya HTTP 1.1. Lakini fomu za HTML zilijua GET na POST tu. Watengenezaji wengi wakachukua njia ya mkato: waliweka kiungo cha kawaida chenye neno "Futa", kinachotuma GET, ingawa viwango vilisema GET ni ombi la kusoma ambalo halipaswi kubadilisha chochote.

Gharama ya mkato huo ilionekana Mei 2005, Google ilipotoa programu ya Web Accelerator. Programu hiyo ilifuata viungo vya ukurasa kabla mtu hajavibofya, ili kurasa zifunguke haraka. Kwenye huduma ambazo mtumiaji alikuwa ameingia kwa nywila yake, ilifuata pia viungo vya kufuta, na watu wakakuta kurasa zao zimetoweka. Tangu hapo desturi iliyokita mizizi ni kwamba ombi la kufuta litumwe kwa POST au DELETE, likiwa na alama ya siri inayothibitisha kwamba limetoka kwenye ukurasa wa tovuti yenyewe.

Jina linalotoka kwa adui

Udhaifu mkongwe kuliko wote katika skripti za kufuta ni ule wa nukta mbili na mkwaju. Katika njia ya faili, nukta mbili humaanisha saraka iliyo juu. Skripti inayofuta picha ndani ya saraka ya picha, ikipewa jina linaloanza na ../../, hupanda juu na kufuta faili la sehemu nyingine kabisa. Watengenezaji walipojikinga kwa kuongeza .jpg mwishoni mwa jina, wadukuzi walipachika baiti ya sifuri. PHP iliona jina zima, lakini C, iliyo chini yake, huishia kwenye baiti hiyo, na .jpg ikaachwa nje. Mwanya huo ulizibwa katika PHP 5.3.4, Desemba 2010, ambayo ilianza kukataa njia zote zenye baiti hiyo.

WordPress, programu ya PHP ya kuendesha tovuti, ilionyesha jinsi hatari hiyo inavyoweza kujificha. Juni 2018 kampuni ya RIPS Technologies ilieleza kwamba mtu mwenye cheo cha mwandishi tu kwenye tovuti ya WordPress angeweza kubadilisha jina la picha ndogo lililohifadhiwa kwenye hifadhidata, kisha kufuta picha hiyo. WordPress iliamini jina lililotoka kwenye hifadhidata yake yenyewe na kulipeleka kwa unlink. Likifutwa faili la mipangilio la wp-config.php, tovuti hudhani haijawahi kusakinishwa, na mshambuliaji huisakinisha upya kwa hifadhidata yake na kuwa bwana wa tovuti. Toleo la 4.9.7, la tarehe 5 Julai 2018, lilirekebisha kwa kuhakikisha kwamba faili linalofutwa limo ndani ya saraka ya mafaili yaliyopakiwa. Funzo lilikuwa kwamba jina halisafiki kwa kupita kwenye hifadhidata, bali chanzo chake cha kwanza ndicho cha kuangaliwa.

Agosti mwaka huohuo, mtafiti Sam Thomas alionyesha kwamba hata kuitaja njia inayoanza na phar://, inayoelekeza kwenye vifurushi vya mafaili vya PHP, katika amri za mafaili za lugha hiyo, unlink ikiwemo, kungeweza kuamsha data iliyofichwa ndani ya faili na kuendesha msimbo wa mshambuliaji. PHP 8.0, ya Novemba 2020, iliacha kuifungua data hiyo yenyewe.

Kati ya kuangalia na kufuta

Kuna hatari isiyotokana na jina baya bali na muda. Skripti huangalia kwamba faili ni la kawaida, kisha hulifuta, na kati ya hatua hizo mbili mtu mwingine anaweza kubadilisha kilicho nyuma ya jina. Matt Bishop na Michael Dilger waliuchambua udhaifu wa aina hii katika makala yao ya mwaka 1996. Ufutaji wa saraka nzima ndio ulio hatarini zaidi. Programu ikiwa njiani kuteremka, mshambuliaji huiondoa saraka ndogo na kuweka mahali pake kiungo kinachoelekeza kwingine, na programu hufuata kiungo hicho na kufuta mafaili yasiyohusika.

Dawa ilikuwa kuacha kutegemea njia ndefu ya majina. Amri ya unlinkat, iliyoingia kwenye Linux 2.6.16 mwaka 2006 na kwenye POSIX mwaka 2008, hupewa saraka ambayo programu imekwisha kuifungua na kuishika, pamoja na jina fupi lililomo. Saraka iliyoshikwa haiwezi kubadilishwa na nyingine kisirisiri. Python 3.3, ya mwaka 2012, ilitumia mbinu hiyo kuifanya amri yake ya shutil.rmtree kuwa salama kwenye mifumo inayoiwezesha.

Kosa linaloenea kwa kasi ya mashine

Mara nyingine hakuna adui kabisa. Kati ya tarehe 14 na 16 Desemba 2021, skripti ya nakala rudufu ilifuta takriban terabaiti 77 kwenye hifadhi ya kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Mafaili kama milioni 34 ya vikundi 14 vya utafiti yaliguswa, na data ya vikundi 4 haikuweza kurejeshwa. Skripti ilikusudiwa kufuta mafaili ya kumbukumbu yaliyozidi siku 10. Kampuni ya Hewlett Packard Enterprise, iliyosimamia mfumo huo, iliweka toleo jipya la skripti wakati la zamani likiendelea kukimbia. Bash, programu iliyoiendesha skripti hiyo, husoma skripti kipande kwa kipande inapoiendesha, hivyo ilirukia katikati ya toleo jipya ambako vigeu vilivyotakiwa kubeba majina ya saraka vilikuwa vitupu. Amri ya kutafuta na kufuta ikafanya kazi mahali ambapo haikukusudiwa. Kampuni ilikubali wajibu wote.

Matukio ya namna hiyo yameimarisha kanuni ambazo wahandisi wa seva huzirudia. Skripti inayofuta hutakiwa isimame mara inapokutana na kigeu kitupu, na hujaribiwa kwanza kwa kuchapisha majina bila kufuta. Toleo jipya huwekwa kwa kubadilisha jina la faili kwa mkupuo mmoja, si kwa kuandika juu ya faili linaloendeshwa. Kwenye tovuti, jina halipokelewi kabisa kutoka kwa mtumiaji. Hutumwa namba, seva hutafuta jina la faili kwa namba hiyo, huhakikisha kwamba mwombaji ndiye mwenye faili, na huthibitisha kwamba njia kamili imo ndani ya saraka inayoruhusiwa. Mifumo mingi huweka alama tu kwamba kitu kimefutwa, na kazi ya cron hukiondoa baada ya muda uliopangwa.

Kufuta pasipo diski moja

Huduma ya S3 ya Amazon, iliyoanza Machi 2006, iliondoa diski machoni mwa mtengenezaji. Kufuta huko ni ombi la DELETE kwenye mtandao, na data huwa imesambazwa kwenye mashine nyingi. Kwa miaka mingi kitu kilichofutwa kingeweza kuonekana tena kwa muda mfupi, hadi Desemba 2020 huduma hiyo ilipohakikisha kwamba jibu la kila ombi linafuata mabadiliko ya mwisho. Mteja akiwasha hifadhi ya matoleo, ombi la kawaida la kufuta huweka alama juu ya kitu bila kukiondoa, na toleo la zamani huendelea kuwapo mpaka nalo lifutwe.

Sheria nazo zimeingia katika historia hii. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zifutwe. Kenya iliweka haki ya namna hiyo katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mbele ya matakwa ya aina hii, kuondoa jina hakutoshi. Data kwenye diski ya sumaku hubaki baada ya jina kuondoka, na mwaka 1996 Peter Gutmann alieleza jinsi data iliyofutwa inavyoweza kurejeshwa, akapendekeza kuandika juu yake mara nyingi. Kwenye diski za kisasa zisizo na sumaku, ambazo hutawanya maandishi zenyewe, wahandisi hupendelea kuisimba data kwa ufunguo tangu mwanzo na kuuharibu ufunguo wakati wa kufuta. Nakala rudufu, matoleo ya zamani na mafaili yaliyoshikwa na programu zinazokimbia vyote huingia katika hesabu. Kwa hiyo skripti ya leo inayotii ombi la mtu la kufutiwa taarifa zake huanza na unlink, kisha hufuatilia kila nakala ambayo jina lile liliwahi kuielekea.